Fimbo, Kasia na Mwavuli

Jumatatu, 3 Novemba

Saa kumi na moja alfajiri, macho wazi. Miaka kumi tangu nistaafu na mwili bado haujapata barua. Nimetandika kitanda kona nne, nimelisha kuku, nimepiga pasi gauni la kazi ambalo litachafuka kabla ya saa nne. Kisha dukani. Redio tatu, simu tano za kutengeneza. Redio moja imejaa vumbi la tumbaku mpaka spika inakohoa.

Siku ishirini na sita zimebaki. Naandika ili niamini. Mimi Rhobi, sajini mstaafu wa jeshi la nchi kavu, mwanamke wa miaka hamsini na nne ambaye Kehancha nzima ilishachoka kumuuliza ataolewa lini, naolewa. Tena na baharia. Nimecheka peke yangu nikichomelea waya, mteja akaniuliza kama moshi umenipanda kichwani.

Jioni kaka Chacha amekuja na karatasi. Majina manane, wazee wa jeshi la nchi kavu, wastaafu wote, kila mmoja na fimbo yake. Sisi wastaafu wa huku tuna desturi yetu. Mmoja wetu akifunga ndoa, wenzake hupanga mistari miwili mlangoni mwa kanisa, huinua fimbo zikutane juu, na bibi harusi hupita chini yake akiingia. Chacha alikuwa sajini meja. Yeye ndiye atakayepiga amri, kisha anishike mkono aniingize, maana baba hayupo. Amewapanga kwa urefu. Mmoja amemfuta kwa sababu anatembea kwa magongo, kisha amemwandika tena. Kaka yangu ana huruma lakini anaificha kwenye karatasi.

Nina furaha ya kipumbavu.

Jumatano, 5 Novemba

Okeyo, baharia wangu, amepiga simu kutoka Homa Bay. Na yeye ana orodha. Wanamaji wanane wastaafu, kila mmoja na kasia, na makasia yameshapakwa rangi nyeupe. Amri watapokea kwa filimbi, sio kwa kelele. Anasema melini mkubwa akipanda hupigiwa filimbi. Bibi harusi ni mkubwa, kwa hivyo filimbi. Hiyo sehemu ya ukubwa niliipenda.

Nimempelekea Chacha habari. Ameikunja karatasi yake ya majina. Kisha amesema mlango ni mmoja.

Nakumbuka tulivyoanza. Mazoezi ya pamoja, pwani, mimi kijana. Wiki mbili nilikaa ndani ya hema na redio nikipokea ujumbe kutoka melini. Kulikuwa na sauti moja iliyotaja jina langu la redio taratibu, bila haraka, hata mawimbi yakiwa mabaya. Sura yake sikuiona. Miaka ikapita. Yeye akaoa, akafiwa na mkewe. Mimi nikazunguka kambi zote za nchi hii. Mwaka jana, mkutano wa wastaafu pale Migori, mtu nyuma yangu akaomba sukari. Niligeuka kabla hajamaliza neno. Ni yeye. Nilimpa bakuli zima.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo imeharibika.

Mkutano wetu wa kila mwezi, ukumbi ulio nyuma ya duka la vitambaa la Salim, Migori mjini. Salim ni mtu wa Lamu, alikuwa fundi wa ndege katika jeshi la wanahewa. Alipostaafu akaja huku kuuza vitambaa na hajawahi kuondoka. Yeye ndiye mwenyekiti kwa sababu ndiye mwenye viti. Baada ya chai huwa kuna mjadala. Leo yeye ndiye aliyechagua mada: majeshi matatu yavunjwe yawe jeshi moja, sare moja, mkubwa mmoja, au yabaki yalivyo? Alidhani tutacheka.

Okeyo alitaka yaunganishwe. Alisema vizuri. Ghala tatu, karakana tatu, majiko matatu. Aliwahi kukaa bandarini mwezi mzima akingoja pampu ambayo wanahewa walikuwa nayo rafuni, inakula vumbi, kwa sababu fomu zao si fomu zetu. Watu walipiga makofi.

Chacha alikataa. Na yeye alisema vizuri. Kazi ya mguu si kazi ya meli. Mtu anajifunza ardhi miaka ishirini ndipo anaijua. Ukimpa kila kitu hatajua chochote. Na askari anapigania kofia yake, wenzake wa kofia hiyo hiyo, si jedwali la mkubwa aliyeketi ofisini. Hapo mimi mwenyewe nilipiga makofi, na Okeyo akaniona.

Salim akasema wanahewa wa eneo hili wamebaki wawili, yeye na mwenzake wa goti bovu, na kwamba wakiunganishwa na hawa wengine watapewa kazi ya kupanga viti. Kila mtu akacheka. Tungeishia hapo.

Sijui nani alitaja harusi. Chacha akasema filimbi ni ya kuitia mbwa, na wanamaji ni wavuvi waliovalishwa sare. Okeyo akasimama polepole. Akasema askari wa miguu ni wachunga ng'ombe waliopewa viatu. Baba yake Okeyo alikuwa mvuvi. Baba yetu alikuwa na ng'ombe.

Chacha alichukua kofia. "Sikia Rhobi. Hao watu na filimbi yao wakiwa mlangoni, mimi siko. Utafuta mwingine akushike mkono."

Akatoka. Okeyo akasema makasia yake hayarudi nyuma. Mimi nikabaki na kikombe.

Jumapili, 9 Novemba

Nina hasira. Sikwenda kanisani kwa sababu ningeomba mambo mabaya.

Katika ukumbi ule wote mtu mmoja tu amewahi kuunganishwa. Mimi. Hakuna aliyeniuliza. Nilipoingia jeshini wanawake tulikuwa na kikosi chetu peke yetu, wakubwa wetu wanawake, kofia yetu, beji yetu. Kisha kikavunjwa, tukatawanywa kwa wanaume. Nililia juu ya ile beji kama mtoto. Mwaka wa kwanza nilipewa kuchemsha chai kila mkutano. Wa pili nilikataa. Wa tatu nilikuwa nafundisha wanaume redio, na sauti yangu ilisikika kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Nilipoteza kitu na nikapata kitu. Havijawahi kulingana na sijawahi kujua kipi kilikuwa kikubwa.

Na Chacha. Siku ya kuajiriwa, baba alikataa nisiende. Chacha alikuwa koplo, yuko likizo. Alinitoa nyumbani kabla ya jua, tukatembea mpaka uwanjani, akanibebea viatu ili visichakae kabla ya kukaguliwa. Nilipopita alisimama nje ya kamba akipunga mkono bila aibu, na sare yake mwilini. Baba hakuongea naye miezi sita.

Sitaki mwingine anishike mkono. Basi. Hilo ndilo jambo lenyewe.

Jumanne, 11 Novemba

Jumanne ni siku ya Chacha ya chai. Hakuja.

Okeyo ameandika ujumbe wa simu kwamba ananipenda na kwamba hataomba msamaha. Yote mawili katika sentensi moja.

Wazee wajinga. Wote.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimefunga duka, nimeenda Homa Bay kumwona mama yake Okeyo. Miaka themanini na kitu, mgongo umenyooka kuliko wangu. Niliogopa. Nilidhani neno lile la wavuvi limemchoma.

Nilimweleza yote. Aliniacha nimalize. Akaniuliza nirudie lile la wavuvi waliovalishwa sare. Nikarudia, nikitazama chini. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kwani ni uongo? Huyu Okeyo nimemvalisha mimi. Alikuwa anatembea uchi pale ufuoni akifukuza bata, nyathina, mwanangu. Serikali ndiyo ilimpatia suruali."

Okeyo alikuwa mlangoni. Uso wake siusahau. Niliomba maji ili nisicheke mbele ya mchumba.

Mama amenifungashia obambla, wale sato waliopasuliwa na kukaushwa juani, kifurushi kikubwa kwenye gazeti. Nimpelekee kaka yangu. Nimwambie ni kutoka kwa mvuvi ambaye hakupata sare.

Kabla ya kuondoka Okeyo alinionyesha nyumba. Amepaka rangi chumba. Ukutani amepiga msumari mmoja, kofia yake ya jeshi inaning'inia hapo. Alisema yangu itakaa juu ya yake. Nikamwambia apige wa pili. Aliutazama ukuta muda mrefu.

Jumapili, 16 Novemba

Nimepeleka samaki. Nimetoa salamu za mama neno kwa neno. Chacha alikaza mdomo, masikio yakamcheza. Mkewe aliwapika na maziwa na ugali wa mtama. Alikula wawili, akafuta sahani kwa kidole.

Kisha akasema: "Samaki ni wazuri. Filimbi, hapana."

Nimerudi nyumbani nikipiga mawe teke njia nzima.

Jumatano, 19 Novemba

Salim amefika Kehancha na kitambaa cha gauni. Rangi ya maziwa, kizito, kinaanguka vizuri. Amekataa nimlipe. Anasema ni faini yake kwa kuchagua mada ile. Alinizungushia kitambaa mabegani, akarudi nyuma, akasema mashallah, dada Rhobi, hata ndege hatukuzifunika vizuri hivi.

Tulikunywa chai kati ya redio zilizopasuliwa. Akaniuliza mimi nasemaje. Wa kwanza kuniuliza. Ilibidi niweke kikombe chini.

Nilimsimulia yale mazoezi ya pwani. Sisi wa nchi kavu tulikuwa na ramani yetu, wanamaji yao. Kilima kimoja, majina mawili. Sisi tukipima kwa kilomita, wao kwa maili za baharini. Siku ya tatu mashua zilishusha watu sehemu ambayo hatukuwa, wakalala kwenye mikoko, wakaliwa na mbu. Nani alaumiwe? Kila upande ulikuwa sahihi katika ramani yake. Kuanzia siku ya nne mimi na ile sauti tulifanya kitu bila ruhusa. Kila ujumbe tulitaja majina yote mawili na vipimo vyote viwili. Ilichukua muda zaidi. Hakuna aliyepotea tena.

Nilimwambia Salim sikutaka wale watu wawe kitu kimoja. Nilitaka wasikilizane. Kama hilo linahitaji sare moja, sawa. Lakini nimeona watu wa sare moja, kambi moja, wasiosikilizana mpaka pensheni.

Salim alimaliza chai yake. Kisha akasema Jumamosi tufanye mazoezi ya gwaride Migori, uwanja wa shule, pande zote zije. Atamwita Chacha mwenyewe. Nilimuuliza atamwambia nini. Akasema atamwambia kuna chakula.

Jumamosi, 22 Novemba

Lazima niandike sasa kabla sijasahau hata kidogo.

Chacha alikuja. Kutazama tu, alisema, na akasimama kando na fimbo yake kwapani. Wazee wanane wa fimbo mstari huu. Wanane wa makasia mstari ule. Salim na mwenzake wa goti bovu mwishoni, mikono mitupu, wamenyooka kama wameombwa picha. Okeyo akashika filimbi. Chacha aliyekuja kutazama akafika katikati kabla hajaitwa.

Chacha alipaza sauti. Fimbo zikapanda. Makasia hayakusogea, yanangoja filimbi. Okeyo akapuliza. Makasia yakapanda, lakini Chacha alikuwa ameshaamuru fimbo zishuke. Fimbo zikashuka juu ya mikono, makasia yakashuka juu ya kofia. Mzee wa magongo alipoteza gongo moja. Mtu akalia kidole. Mtu akatukana kwa Kikuria, akajibiwa kwa Dholuo, na kila mmoja alielewa vizuri kabisa. Okeyo anapuliza, Chacha anafoka. Rangi nyeupe inayobanduka kwenye makasia imejaa kila koti.

Sikufikiri. Nilisimama kwenye kiti.

"Gwaride! Mguu sawa!"

Miaka kumi sijaitoa ile sauti. Ilikuwa mle mle ndani, inangoja. Visigino vyote vilikutana. Fimbo, makasia, wanahewa. Okeyo na filimbi mdomoni. Chacha, sajini meja, mkubwa wangu kwa kila hali, mikono imebana mapaja. Mwuza miwa kando ya uwanja naye alisimama wima na panga lake. Niliwaona wote, kumi na nane na hawa wawili wangu, wametulia kabisa, mijicho mbele.

Kisha mwenzake Salim akasema goti linauma, anaweza kupumua? Hapo ndipo tulipovunjika. Nimeona wazee wakicheka mpaka wakakaa kwenye nyasi. Mbavu bado zinaniuma.

Wote wakasema Rhobi ndiye atakayepiga amri. Okeyo alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Chacha hakucheka. Alifuta fimbo yake rangi. Alisema bibi harusi hapigi amri katika gwaride lake mwenyewe, haijawahi, na kama yeye hahitajiki basi ameelewa. Akaondoka na pikipiki ya kwanza.

Hata chakula hakula.

Jumatatu, 24 Novemba

Fundi amenipima gauni. Nimesimama juu ya stuli nikiwaza mengine, akanichoma pini mara mbili.

Nimefahamu kinachomuuma. Si filimbi. Alinibebea viatu, na sasa anadhani nimevivaa nikamkanyaga. Nilipounganishwa na wanaume na mimi niliuliza swali hilo hilo: je, kuna kazi yangu humu, au nimeongezwa tu kwenye hesabu? Hakuna aliyenijibu mwaka mzima. Sitamfanyia hivyo.

Nimemwambia Okeyo sipigi amri yoyote bila Chacha. Amesema makasia anaweza kuyaacha nyumbani. Najua gharama ya hilo neno kwake. Nimemwambia makasia yaje.

Alhamisi, 27 Novemba

Leo nimevaa kofia yangu ya zamani na viatu vilivyong'aa, nimekwenda kwa Chacha. Mkewe alinifungulia, akanitazama kichwa mpaka miguu, akaenda jikoni bila neno.

Sikuketi. Nilisimama hatua tatu mbele ya kiti chake nikapiga saluti.

"Sajini Rhobi anaripoti, bwana. Naomba kukabidhiwa gwaride."

Hii ni desturi yetu, kila askari anaijua. Gwaride halichukuliwi. Mkubwa huliandaa, hulikagua, kisha humkabidhi mwingine mbele ya watu wote, na huyo akimaliza humrudishia. Aliyekabidhi hashuki cheo hata nukta. Pale Migori sisi sote tulisahau. Nilipanda kiti nikamnyang'anya mkubwa wangu gwaride, tena mbele ya wanamaji. Kosa langu. Nililisema wazi.

Nikamwambia pia sihitaji wa kunipa amri, nahitaji wa kunipa mkono.

Chacha aliinuka. Alipokea saluti sawasawa, kidole kwa kidole. Kisha akasema nitapewa jibu.

Jibu lini? Harusi ni keshokutwa! Sikuuliza. Askari haulizi.

Ijumaa, 28 Novemba

Hakuna jibu. Gauni limepigwa pasi mara tatu. Kuku wamelishwa mara mbili.

Nimefurahi na ninaogopa.

Jumamosi, 29 Novemba

Alikuja.

Saa kumi na mbili asubuhi, niko na rola kichwani, nasikia viatu nje. Hatua za kuhesabiwa. Chacha, suti nyeusi, medali zote kifuani, fimbo imepakwa mafuta. Amesema amepita kanisani tayari. Amewapanga. Wanamaji wamezidi upande wa kushoto, amerekebisha. Yule wa magongo amemweka karibu na mlango ili ajiegemeze. Filimbi je? Amesema ameipima, sauti yake si mbaya.

Nilimkumbatia na rola zote. Alilalamika kuhusu medali.

Kanisani watu walijaa mpaka barabarani, Kehancha upande mmoja na Homa Bay upande mwingine, na katikati mama yake Okeyo kwenye kiti cha plastiki akisalimia kila mtu. Tulifika getini. Chacha akaniacha hapo, akatembea mbele peke yake, akasimama mbele ya mistari miwili. Akakagua. Alichukua muda wake wote. Alinyoosha tai ya mwanamaji mmoja. Kisha akageuka, hatua tatu, akanipigia saluti mimi. Mimi, na gauni la Salim.

"Sajini Rhobi. Nakukabidhi gwaride."

Akaniwekea fimbo yake mkononi. Shada la maua nilikuwa nimelishika kwa mkono mwingine, sikujua nilipeleke wapi, nikamwachia yeye.

Nilitoa amri. Kila mtu aliisikia, hata Isebania nadhani. Baada ya amri niliinamisha kichwa, kama tulivyokubaliana jana kwa simu, iwapo Chacha angekuja, na mwanamaji aliyeachiwa filimbi na Okeyo, na filimbi ikajibu ndefu na nyembamba. Zikapanda zote pamoja. Fimbo upande huu, makasia upande ule, zikakutana juu. Na mwishoni kabisa Salim na mwenzake walifungua miavuli miwili ya rangi ya samawati. Alisema baadaye kwamba ndizo parachuti walizobaki nazo. Watu walipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia.

Hapo gwaride lilikuwa langu na sikuweza kusogea. Nilikuwa nalia.

Nikamrudishia. Hatua tatu, saluti, fimbo. Alipokea kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ulikuwa umeshika maua yangu, na machozi yalikuwa yamefika kidevuni naye hajui. Akanipa maua. Akanipa mkono. Tukapita chini ya fimbo na makasia na miavuli, rangi nyeupe ikanidondokea begani, na kule mwisho baharia wangu alikuwa amesimama bila filimbi, mdomo wazi.

Mchungaji aliuliza ni nani anayemtoa huyu mwanamke. Chacha alisema, kwa sauti ya uwanjani, "Jeshi la nchi kavu, bwana!" Kanisa zima likaanguka kicheko. Okeyo alisema amepokea, kwa sauti ile ya redio, taratibu, na akataja jina langu mara mbili.

Nimeolewa.

Jumatatu, 1 Desemba

Homa Bay. Ziwa limetulia. Nimeamka saa kumi na moja, kitanda kimetandikwa kona nne, upande wake pia. Yeye alikuwa ameamka kabla yangu, anapiga msumari wa pili. Ameuweka sambamba na wa kwanza, amepima kwa rula. Kofia yangu ipo hapo sasa. Zimeachana upana wa kiganja.

Chacha hajaondoka. Alisema atatusindikiza tu, kisha atalala tu, kisha atakunywa chai tu. Tumekula obambla wa mama. Sasa wako sebuleni, yeye na Okeyo, wameanza tena. Karakana tatu. Pampu. Kofia. Chacha anasema nchi kavu haiwezi kufundishwa na mtu wa maji. Okeyo anasema basi mafuta yanunuliwe pamoja, kofia zibaki. Chacha anasema hilo la mafuta atalifikiria. Mama amelala kwenye kiti katikati yao.

Wameniita mara mbili niamue. Nimewaambia vyombo viko kwenye karai, na maji ya moto yapo.

Wamesimama wote wawili. Chacha anaosha. Okeyo anasuuza.